Valvu Iliyolala Upande

Kizingitini,
12 Novemba 2024

Dada yangu Bi Thuwaiba,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, isipokuwa mbuzi wa jirani aliyekula kamba yetu ya kuanikia nguo na bado kila asubuhi anasimama mlangoni kama anayetudai. Mke wangu Esha anakusalimu. Anasema ule ubani uliomtumia umekwisha na yeye anaona haya kukuomba mwingine, basi nimemwombea mimi, sina haya. Magoti yako yaendeleaje? Na mumeo Uthman, kile kikohozi kimemwacha?

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mara ya mwisho nilipokupigia nikakwambia tumbo lanisumbua, ukaiweka simu kwenye spika kwa sababu ya masikio yako, na Langoni nzima ikasikia. Siku ya pili Jeilani alishuka kwenye boti yake na furushi la dawa kutoka kwa watu nisiowajua, na moja ilikuwa na maelezo ya kuitumia ambayo sitayarudia hapa. Kwa hiyo mambo ya nyumbani nitakuandikia, na Jeilani atakukabidhi mkononi. Yeye hafungui bahasha za watu. Maneno aliyonayo mwenyewe yanamtosha.

Sasa habari yenyewe. Aaliya ameposwa. Kijana anaitwa Abdulqadir, mtu wa Faza, fundi wa mashine za boti, mpole, anakula bila kuchagua. Tumekubali. Harusi tumeiweka Mfungo Mosi, baada ya Idi, inshallah. Esha anataka harusi kubwa, mimi nataka ndogo, na bibi harusi mwenyewe ametaka kitu kimoja tu, nacho ni wewe. Anasema hina hapakwi na mwingine, na siku yenyewe hatoki chumbani ila awe ameshikwa mkono na shangazi yake. Nikamwambia, "Shangazi yako ana shughuli." Akaniuliza, "Shughuli gani ya miaka miwili, Baba?" Nikaenda kutafuta kalamu.

Njoo, Dada. Utashuka Mtangawanda, nitakupokea na pikipiki yangu, na kabla ya adhuhuri utakuwa umekwisha kumkemea Esha kuhusu chumvi ya mchuzi.

Ndimi nduguyo,
Abdulghafur


Langoni, Amu,
27 Novemba 2024

Ghafuri,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika ikinuka sifa. Niliianika darini kabla sijaisoma, na hata hivyo Cherotich, yule nesi aliyepanga chumba chetu cha juu, alishuka mbio kuuliza kumekufa nini. Nikamweleza kwamba sifa ni mafuta ya papa, kwamba ndugu yangu alikuwa kalafati, akiziba nyufa za vyombo kwa pamba na kuzipaka mbao mafuta hayo, na kwamba sasa vyombo ameviacha ila mafuta yamekataa kumwacha. Akasema pole. Sijui alikuwa akimpa nani.

Mimi mzima. Magoti ni yale yale, yananiuliza kila ngazi kama nina hakika. Uthman hakohoi tena, sasa anakoroma. Ubani huu hapa, na mwambie Esha akitaka kitu aniombe mwenyewe, wewe ukiomba unapunguza baraka.

Kwa Aaliya nimelia. Nililia nikiwa nakuna nazi mpaka Uthman akadhani nimejikata kidole. Mtoto yule nilimfundisha kufunga mtandio na sasa ameposwa! Nitamtumia hina nzuri, na udi, na kitambaa nilichokuwa nimekiweka. Kila kitu nitamtumia.

Lakini kuja, ndugu yangu, nihesabu sipo. Mimi na pikipiki yako tulishaachana, tena talaka ya kweli. Kila msafiri anayetoka huko ananiambia amekuona kando ya njia umeinama juu ya gurudumu la nyuma, midomo inakwenda, kama unalisomea kisomo. Mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti haya, atembee kwenye mchanga wa Siyu na viatu mkononi kwa sababu tairi lako limechoka? Sifanyi hivyo tena. Hilo tairi lina nini hasa? Likipona, tutazungumza.

Dadako,
Thuwaiba


Kizingitini,
20 Desemba 2024

Dada yangu mwenye maneno,

Baada ya salamu nyingi kutoka kwa kila aliye ndani ya nyumba, na mbuzi pia. Barua yako imekawia kunifika kwa sababu bahari ilichafuka, Jeilani akawa hasafiri, na aliposafiri akaisahau nyumbani kwake. Nimemsamehe. Alinisaidia kubeba kabati la Aaliya na mlango ukakataa kabati, tukaling'oa mguu mmoja. Usimwambie Esha, anadhani lilinunuliwa hivyo.

Umeniuliza tairi lina nini. Tairi halina kitu, wala si misumari. Ni valvu, kile kipua cha shaba ambacho upepo huingilia. Kinachanika shinani, pale shaba inaposhikana na mpira wa tyubu. Tyubu nzima, tairi zima, lakini shina la valvu limefunguka kama mdomo na upepo wote umetoka. Hapo huwezi kuziba kiraka, ni kununua tyubu nyingine. Nami nimenunua nyingi mpaka mwenye duka wa Faza ananiita mwanangu.

Wala usidhani nimekaa tu. Unajua kazi yangu ya sasa, nabeba kamba mawe kutoka hapa hadi kwenye boti ya mnunuzi kule Mtangawanda. Kamba hao lazima wafike hai, kwa hiyo nawafunga kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, na maji hayo yanadondoka njia nzima juu ya gurudumu la nyuma. Chumvi tupu. Mtu aliyewahi kutunza vyombo anajua dawa ya chumvi. Kila Ijumaa baada ya sala nalipaka shina la valvu sifa, namiminia na ndani ya tundu la rimu, nazungushia pamba iliyolowa mafuta, kisha naikaza nati mpaka meno yaniume. Tone la maji haliingii. Nimeziba majahazi yaliyofika Mogadishu kwa namna hiyo hiyo, itakuwa kipua cha shaba?

Na mchangani nautoa upepo kidogo ili gurudumu lisizame. Kila dereva wa huku anafanya hivyo.

Kwa hiyo kosa si langu. Ni tyubu za siku hizi. Njoo hata hivyo. Aaliya ananiuliza kila jibu lako likifika, nami namwambia umesema inshallah, ijapokuwa hukusema.

Nduguyo,
Abdulghafur


Langoni,
9 Januari 2025

Ghafuri, fundi mkuu wa majahazi ya magurudumu mawili,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Mwaka mpya wa watu wa ofisini umeingia na bei ya sukari imeingia nao.

Barua yako nilimsomea Cherotich, kwa kuwa alikulia gereji ya mjomba wake huko Kapsabet na pikipiki anazijua kuliko mimi ninavyozijua sindano zake. Nilipofika penye pamba na mafuta alijishika kichwa. Kisha akaanza kunieleza, na kwa vile sisikii vizuri ikabidi apige kelele, na kwa vile hii ni Langoni, jirani wa mbele alifungua dirisha akataka kujua valvu ni ugonjwa gani. Somo lako lilihudhuriwa na mtaa mzima. Aliyekosa ni wewe peke yako.

Haya ndiyo maneno yake, nilimwambia ayaseme taratibu nikaandika: "Mama, hiyo mafuta ndiyo inaua raba. Mwambie brother yako pikipiki si boti." Anasema mafuta yanayookoa mbao yanaoza mpira. Unavimba, unalegea, na pale shinani unaachana na shaba. Kila Ijumaa baada ya sala, Ghafuri, ulikuwa unaitilia sumu. Ijumaa!

Tena si hayo tu. Ule upepo unaoutoa kwa ajili ya mchanga, ukifika njia ngumu huurudishi, sivyo? Nakujua. Tangu utotoni ulikuwa unafungua mlango, kuufunga ni kazi ya wengine. Basi tairi lenye upepo haba haling'ang'anii rimu. Ukishika breki au ukitia moto linateleza kidogo, linaivuta tyubu nayo, lakini valvu haiwezi kufuata kwa sababu imepita kwenye tundu. Inalala upande. Na wewe mwenyewe umeikaza kwa nati mpaka meno yakakuuma, sasa iende wapi? Inachanika. Anasema nati iachie, iwe legevu, ili uone mapema valvu ikianza kuinama. Ukiiona imeinama, toa upepo wote, lirudishe tairi mahali pake, ujaze upya. Valvu nzima inasimama wima ikitazama katikati ya gurudumu.

Akauliza kama ina kifuniko. Nikasema sijui, lakini ndugu yangu hata chupa yake ya sifa anaiziba kwa kitambaa. Anasema kifuniko ndicho kinachozuia mchanga na chumvi visiingie kwenye ile pini ya ndani. Na lile tundu la rimu lipitishie kidole. Kama kutu imelifanya kuwa na meno, litakata mpira hata ukiacha ujinga wote mwingine.

Umeona? Chombo ulichokijua ni cha kuzuia maji yasiingie. Hiki ni cha kuzuia upepo usitoke. Umeliziba jambo upande usio wake.

Magoti yangu yanauma sana mwezi huu. Usimpe Aaliya matumaini.

Dadako,
Thuwaiba


Kizingitini,
13 Februari 2025

Dada Thuwaiba,

Assalamu alaikum. Esha na Aaliya wanakusalimu, na mwambie Cherotich kwamba mimi namsalimu kwa shingo upande.

Nilikaa na barua yako siku nyingi nikitafuta mahali pa kuipinga. Sikupata. Nikafungua gurudumu. Pamba nilipoitoa ilikuwa nyeusi, na mpira wa pale shinani niliubonyeza kwa kidole ukabonyea kama tende. Nilijisikia vibaya, Dada. Ni kama kugundua mtoto anaumwa kwa dawa uliyompa mwenyewe.

Nimeweka tyubu mpya. Rimu nimeiosha kwa sabuni mpaka harufu ikaisha, na tundu lilikuwa na meno kweli, nimelipiga tupa likawa laini. Nati nimeilegeza. Kifuniko kipo, cha chuma, kina kipira ndani. Pampu nimeifunga chini ya kiti, na nikitoka mchangani nasimama najaza, wapende wasipende abiria. Juzi mmoja alinung'unika kwamba nachelewesha watu. Nikamweleza habari za valvu kuanzia mwanzo mpaka Faza, na alipofika alishuka bila kuaga. Magunia ya kamba sasa nayawekea beseni chini. Jioni nakitemea mate kidole, napaka juu ya valvu kabla ya kuifunika, natazama kama kuna povu. Hakuna. Imesimama wima.

Sasa sababu yako ni ipi?

Nakuuliza kwa sababu magoti yako yalipanda ngazi zote za msikiti wa Riyadha siku za maulidi, Jeilani alikuona. Na nakuuliza kwa sababu na mimi ninazo zangu. Kila mara naja Amu kununua vipuri, nafika mpaka pembe ya kichochoro chenu, kisha nampa Jeilani furushi akuletee, narudi botini. Unajua hilo. Hujawahi kuniuliza kwa nini.

Nilipokuwa nafungua lile gurudumu nilikumbuka kwamba siku ile upepo niliutoa pale Mtangawanda kwa makusudi, ili usirushwe mgongo. Sikuurudisha. Nilitaka tu ukae vizuri.

Kama una hasira na mimi, ziandike. Nitazisoma.

Nduguyo,
Abdulghafur


Kizingitini,
11 Machi 2025

Dada,

Ramadhani karimu. Furushi la Aaliya limefika, hina na udi na kitambaa cha zari, na Esha amekipitisha usoni kabla ya kukikunja. Tumelitikisa furushi mara tatu tukitafuta barua. Hamna.

Jeilani anasema alipokuuliza kama una jibu, ulimwuliza kama mkewe amejifungua. Dada, mkewe ana miaka hamsini na tisa.

Sina hasira. Niandikie lolote, hata nitukane. Ukinyamaza naogopa.

Abdulghafur


Langoni,
23 Machi 2025

Ghafuri ndugu yangu,

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mungu azipokee saumu zenu. Sisi wazima. Uthman amelala, Cherotich yuko kazini, na nimefunga dirisha la mbele ili jirani asijisumbue.

Kwanza, sina hasira na wewe. Wala sijawahi kuwa nazo, hata siku moja. Nimesoma barua yako ya Februari nikaona kwamba miaka miwili hii umekuwa ukilitunza lile tairi kana kwamba ndilo lililomuua Mama, na nilinyamaza kwa sababu nikikutoa hapo lazima niseme la kwangu.

Siku ile ulinipigia ukasema Mama amezidiwa, nije. Nikaja. Pale kabla ya kuingia Faza, penye ile miti miwili ya mikoma na ukuta uliobomoka, valvu ikachanika. Unakumbuka ulivyofanya? Pampu uliiacha nyumbani. Ukatoa chupa yako ya sifa, ikakuteleza, ikakumwagikia kanzu yote. Kisha ukapiga magoti, ukaweka mdomo kwenye valvu, ukapuliza. Mtu mzima na ndevu zake! Mashavu yamejaa, macho yametoka, na upepo unatokea upande wa pili ukilia kama mtoto. Nikakwambia, "Ghafuri, ata, utapasuka!" Na wewe ukaendelea kupuliza.

Nikacheka. Nilicheka mpaka magoti yakaniacha nikaketi mchangani na buibui langu. Ulinitazama, na wewe ukaanza. Musab, dereva mwenzako, alipopita na pikipiki yake, amepakia watu wawili hana nafasi, alitukuta hivyo, hatuwezi hata kumjibu salamu. Nilimpungia mkono aende mbele aseme twaja. Kisha tukatembea, na kila tukitazamana tunaanza tena.

Tulipoingia uani kwako wanawake walikuwa wanalia.

Ghafuri, Mama yangu alikuwa anakata roho na mimi niko mchangani nacheka. Sijacheka hivyo kabla wala baada. Hilo ndilo lililonifanya niondoke siku ya tatu baada ya khitma, na ndilo linalonirudisha nyuma kila ninapofika gatini na mkoba wangu. Ndiyo, nimefika gatini, si mara moja. Nikifikiri nitapita tena pale penye mikoma miguu inakataa. Nawezaje kumshika mkono bibi harusi, kumtoa kwenye chumba kile kile Mama alichokuwa akinisubiri?

Sasa umejua. Mwambie Aaliya nampenda. Kuandika hivi kumenichosha kuliko saumu.

Thuwaiba


Kizingitini,
28 Machi 2025

Dada yangu,

Salamu nitakupa mwishoni, sina subira.

Kuna neno ninalo tangu arubaini ya Mama. Wewe ulikuwa umesharudi Amu. Esha alinieleza, na nikamkataza kukwambia, kwa sababu nilidhani una hasira na mimi, na nilidhani ukijua litakuchoma zaidi. Usiku wa jana nilimsomea barua yako. Alinivua kofia akanipiga nayo. Amesema nikuandikie leo hii au ataandika yeye, na unajua mwandiko wake.

Esha ndiye aliyekuwa amempakata Mama kichwa. Mama alikuwa akiuliza kila mara, "Wawapi?" na kila mara wakimwambia wako njiani. Alikuwa na wasiwasi, anageuza uso mlangoni. Musab alipofika alisimama dirishani, hakujua hali imefika wapi, akasema kwa sauti kubwa kama kawaida yake: wako penye mikoma, tairi limeisha upepo, Ghafuri analipuliza kwa mdomo, na Bi Thuwaiba ameketi chini anacheka hana mbavu. Esha alitaka kumtupia kitu anyamaze.

Mama akafumbua macho. Unajua alivyoishi huku umri wake wote na Kiamu chake hakikubadilika hata kidogo. Akasema, "Wateka?" Musab akasema ndiyo, Bibi, wanacheka wote wawili. Mama akasema, "Waateni wateke."

Hakuuliza tena tuko wapi. Esha anasema uso uliachia, akageuka kutoka mlangoni, akawa anatamka shahada taratibu, na hivyo akaenda. Hakuwa akikusubiri, Dada. Alikuwa amekwisha kukupata.

Yeye alijua tunacheka, na akatuacha tucheke. Mimi na wewe ndio tuliokataa.

Sasa salamu: assalamu alaikum. Ijumaa ya tarehe kumi na nane Aprili ndiyo harusi. Nimelia kidogo katika kuandika hii, ukiona pameloa usiseme ni sifa.

Nduguyo,
Abdulghafur


Langoni,
4 Aprili 2025

Ghafuri,

Wa alaikum salaam. Idi mubarak kwenu nyote, mmoja mmoja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mwisho nikampa Uthman anisomee kwa sauti ili niisikie. Alifika penye maneno ya Mama akashindwa. Ikabidi Cherotich amalizie, na Kiamu cha Mama kilimtoka kama mtu anayetafuna karanga za moto. Tulicheka, Ghafuri. Watatu sisi, na machozi. Nilitazama juu nikamwomba Mama radhi, na kwa mara ya kwanza sikuona kama nimekosa.

Nitashuka Mtangawanda Jumatatu ya tarehe kumi na nne. Pikipiki ioshwe. Valvu isimame wima, kifuniko kiwepo, pampu iwepo, na wewe mwenyewe uwe umekoga kwa sabuni yenye harufu. Nikinusa tone la papa narudi na boti ile ile, harusi au si harusi. Na upepo usiutoe kwa ajili ya mgongo wangu. Nirushe tu.

Mwambie Aaliya aache kucha zikue. Nakuja kupaka hina.

Dadako,
Thuwaiba


Langoni,
29 Aprili 2025

Ndugu yangu Abdulghafur,

Assalamu alaikum. Nimefika salama, asante kwa kunisindikiza, na asante kwa wale kamba, ijapokuwa mmoja alitoka guniani na kumpandisha Uthman juu ya kiti. Anamsalimu Abdulqadir na kumwombea subira, maana ameoa nyumba yenye wewe.

Nyumba yangu imekuwa kimya baada ya vigelegele vile. Bado nauona mkono wa Aaliya ulivyokuwa ukitetemeka ndani ya wangu tulipokuwa tukivuka kizingiti cha chumba cha Mama. Akaninong'oneza, "Shangazi, na wewe watetema?" Nikamwambia ni baridi. Ilikuwa saa nane mchana.

Nataka kuandika jambo ambalo hatukulisema pale. Tulipokuwa tunakuja, penye mikoma miwili, mimi ndiye niliyekugonga bega usimame. Uliruka chini kabla sijashuka, ukakimbilia gurudumu la nyuma, ukapiga magoti, ukapapasa valvu, ukatema mate kidoleni. Ilikuwa imesimama wima, tairi limejaa tele. Ukaniinulia uso, mate kidoleni, ukauliza, "Sasa kumeharibika nini?" Nikakwambia hakujaharibika kitu. Nimechoka kuketi juu ya pikipiki, nataka kuketi pale. Nikaketi mchangani, mahali pale pale, na wewe ukaja ukaketi karibu yangu, unanuka sabuni ya waridi kama bibi harusi. Hapo ndipo nilipoanza. Wapita njia walituona wazee wawili wanacheka kando ya pikipiki nzima. Nadhani habari imeshafika mpaka Kiunga.

Cherotich amefurahi kusikia mgonjwa wake amepona. Amesisitiza tena juu ya kifuniko, kwamba bila hicho mchanga wa huko utaingia kwenye pini na upepo utaanza kutoka kidogo kidogo, na kazi yote itakuwa bure.

Nimelileta neno la kifuniko kwa sababu utakuwa umeshatambua kwamba chako hakipo. Usimsumbue Musab, hajakichukua, wala hakikuanguka njiani. Nilikifungua mimi pale Mtangawanda ulipokuwa unapakia mkoba wangu botini. Kimo kwenye ncha ya mtandio wangu, nimekifunga fundo, na kwa Jeilani sikitumi.

Kichochoro unakijua, pembe yake umeshaifikia mara nyingi. Zimebaki hatua chache, kisha ngazi. Mlango uko wazi na wali wa nazi uko jikoni. Njoo ukichukue mwenyewe, Ghafuri, na usikawie, upepo unatoka.

Dadako,
Thuwaiba